Choo Tulichochimba Upande wa Mdogo Wangu

Sehemu ya Tano

Kwa aliyekosa gazeti la wiki jana, au aliyelifungia sabuni kabla hajalisoma: mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule. Baba yetu alituachia kiwanja kimoja, mimi na mdogo wangu wa kike, akakigawa katikati kwa wino mwekundu. Nusu ya mbele, inayotazama barabara, yangu. Nusu ya nyuma, yake. Choo cha zamani kilipojaa tukakubaliana tuchimbe kipya cha pamoja upande wake, kwa sababu ndiko ardhi inakoshuka.

Shimoni likatoka jiwe lenye mstari wa njano. Mchimbaji, ambaye mtaani anaitwa Futi Kumi kwa sababu hapunguzi wala haongezi, alinipa mimi, maana ndimi niliyekuwepo nyumbani. Nikalipeleka kwa sonara. Sonara akalisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha dawa, akaniambia ni dhahabu. Akaniuliza limetoka wapi. Nikamjibu, kwa sababu aliuliza kwa adabu.

Mdogo wangu sikumwambia.

Badala yake nilisimama kwenye kikao cha familia nikasema roho inaniuma kumwona mwenzangu anakaa nyuma kwenye nyumba inayovuja, ilhali mimi ninakaa mbele, tena nina chumba cha biashara. Nikasema tubadilishane. Baba mdogo alifuta macho. Shangazi akasema watoto wa siku hizi waje wajifunze kwangu. Mdogo wangu alinishika mikono yote miwili, machozi yakamtoka.

Hapo ndipo nilipowaacha. Barua za wasomaji zimekuja kumi na moja. Tisa zinasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nashukuru, lakini kilikuwa choo.

Basi tukahama.

Nilihamia kwenye nyumba inayovuja kwa hiari yangu, na vyerehani viwili, na mume. Paa lilikuwa na matundu matano niliyoyajua na moja ambalo kila mvua lilibadilisha mahali. Nililaza vitambaa juu ya kabati, nikaweka mabeseni chini, nikajiambia mwenye kungoja dhahabu hawezi kulalamikia maji.

Wazazi wa wanafunzi hawakuniona tena. Waliokuwa wakinipata kando ya barabara sasa walitakiwa kupita ujiani, wainame chini ya kamba ya nguo ya mdogo wangu, waruke mfereji. Wengi walifika kwenye kamba wakageuka.

Chumba changu cha biashara, mdogo wangu alikiacha kitupu. Alifagia kila siku na kufunga.

"Kwa nini hukitumii?" nikamuuliza siku moja.

"Naogopa kukizoea, dada," akasema.

Nilidhani ni unyenyekevu.

Shimo nililifunika kwa mabati na mawe, nikatangaza kwamba Futi Kumi amekuta maji na ardhi haifai. Futi Kumi alinyamaza kwa sababu nilikuwa nimewashonea watoto wake sare, wote sita. Ana watoto wanne. Wawili mpaka leo sijui ni wa nani.

Kwa hiyo kwa miezi minne nyumba zote mbili, ya mbele na ya nyuma, tulitumia choo cha jirani, mama mmoja muuza mkaa. Ufunguo wake ulifungwa kwenye mwiko mkubwa usipotee. Nilikuwa na dhahabu uani kwangu, na kila asubuhi nagonga kwa mtu kuomba mwiko.

"Hilo shimo lenu mbona haliishi?" akaniuliza.

"Lina maji, jirani."

"Basi semeni ni kisima, muuze maji, mjenge choo kwa hela ya maji."

Nikasema tutalifikiria.

Mume wangu ni fundi wa friji. Nilimweleza habari ya jiwe tangu siku ya kwanza. Akasema, "Fanya unavyoona." Nilipomweleza habari ya kubadilishana akasema, "Fanya unavyoona." Nimekaa naye miaka kumi na tisa na sentensi hiyo ndiyo niliyoisikia zaidi kuliko jina langu.

Mambo yangebaki hivyo kama Futi Kumi asingekuja Jumapili ile na kofia mkononi.

"Dada," akasema, "kule nilikokwenda kuchimba juzi kuna mtu amekamatwa. Alikuta kitu kama chako, akachimba bila karatasi."

"Karatasi si ninayo? Hati ya kiwanja."

"Na yeye alikuwa na hati ya kiwanja, dada. Amekwenda nayo huko huko mahabusu."

Jumatatu asubuhi nikavaa gauni langu la vikao, nikatia mkobani nakala ya karatasi ya kubadilishana, iliyosainiwa na familia nzima. Karatasi yenyewe ilikuwa kwa mdogo wangu, aliyejitolea kuipeleka ofisi ya ardhi kwa sababu iko karibu na kazini kwake. Jiwe nalo nikalitia mkobani, nimefunga ndani ya kitambaa cha kaptula. Nikaenda ofisi ya madini.

Afisa alikuwa binti wa miwani, na meza yake haikuwa na kitu isipokuwa kompyuta na kikombe cha kalamu.

"Nimekuja kuandikisha dhahabu yangu," nikasema.

"Dhahabu yako ipi, mama?"

"Iliyo kwenye kiwanja changu."

Akavua miwani. Nikajua habari si nzuri, maana hata daktari huvua.

"Mama, kiwanja ni chako. Jenga. Lima. Zika. Chimba choo, shimo ni lako. Lakini madini yaliyo chini si yako. Ni ya umma, serikali inayashika kwa niaba ya wananchi wote."

"Na mimi si mwananchi?"

"Ni mwananchi."

"Basi ni yangu."

"Ni yako pamoja na wenzako wote waliobaki. Kuyachimba lazima mtu apewe leseni, na leseni hapewi mwenye kiwanja. Hupewa aliyetangulia kuomba."

"Hata kama hajawahi kukikanyaga?"

"Hata kama hajui kilipo, alimradi ameandika alama za ramani sawasawa."

Nilikuwa nafikiria nyumba ya mbele. Ina dari. Ina madirisha ya vioo. Nilimpa mtu.

"Uliyakuta lini?" afisa akauliza.

"Miezi minne iliyopita."

"Sheria inasema ukiyakuta, funika, uje utuambie."

"Nilifunika," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Kuna sampuli yoyote uliyotoa? Maana kukaa na madini bila kibali ni kosa."

"Hakuna," nikasema, na mkoba ulikuwa juu ya mapaja yangu, mzito kama mtoto aliyelala.

Akageuza kompyuta niione. Ramani ya mji wetu ilikuwa imekatwa visanduku vidogo vidogo, kama kitambaa cha shati la shule. Vingi vya kijani.

"Kijani hakijaombwa," akasema. "Tutafute chako. Kama ni kijani, jaza fomu leo hii."

Akasogeza, akasogeza, akasimama. Kilikuwa cha njano.

"Pole, mama. Kimeombwa, miezi mitatu na nusu iliyopita. Kampuni inaitwa Uaminifu."

Jina hilo nilikuwa nimelisoma. Limeandikwa kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango wa duka la sonara, na nililisoma vizuri siku ile kabla sijaingia, likanipa moyo.

Binti aliona uso wangu, akanisogezea kiti ambacho tayari nilikuwa nimekikalia.

"Usivunjike moyo. Hawezi kuchimba hivi hivi. Pale pana nyumba, kwa hiyo lazima apate ridhaa ya mwenye ardhi kwa maandishi, na amlipe fidia. Bila ridhaa, ombi lake linalala hapo hapo."

Nikafufuka. "Mwenye ardhi ni mimi!" Nikamwekea nakala mezani.

Akaisoma. Akafungua ramani nyingine, ya viwanja. Akaisoma tena nakala yangu.

"Mama, hii ni karatasi ya familia. Kwenye daftari la ardhi kipande cha nyuma bado kina jina la mwingine." Akalitaja. Lilikuwa jina la mdogo wangu. "Na cha mbele bado chako. Hakuna aliyeleta mabadiliko."

Nilitoka pale nikiwa mwenye nyumba nisimokaa, ninakaa kwenye nyumba isiyo yangu, na jiwe la wananchi wote mkobani.

Jumanne nikaenda kwa sonara.

Alikuwa anasafisha mkufu kwa mswaki. Hakushtuka. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za watoto.

"Umeniibia," nikamwambia.

"Mama, tusemeshane vizuri. Jiwe lako si nilikurudishia?"

"Nilikuja kwako unipimie tu!"

"Nikakupimia. Bure. Wewe ulileta jiwe, mimi nikasoma sheria. Kila mtu na kazi yake." Akaendelea na mswaki. "Tena sikufanya mambo kwa siri. Wiki ile ile nilikwenda kumwona mwenye ardhi nimwombe ridhaa. Mama mpole sana yule. Mdogo wako, sivyo?"

Nilishika ukingo wa meza yake ya kioo.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukweli. Kwamba dada yake ameniletea jiwe lililotoka shimoni kwake, na ni dhahabu."

"Yeye akasemaje?"

"Akasema nimpe muda. Nampa muda mpaka leo."

Wiki ile ile. Nikahesabu kwa vidole njia nzima ya kurudi nyumbani, kwenda mbele na kurudi nyuma, na hesabu ilikataa kubadilika. Jiwe nililipeleka kwa sonara mwanzoni mwa mwezi. Kikao cha familia kilikuwa katikati ya mwezi. Nilipokuwa nimesimama pale nikieleza roho inavyoniuma, mdogo wangu alikuwa anajua.

Jioni ile mume wangu alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji ya mtu. Nikamweleza yote, ofisi, visanduku, sonara, mdogo wangu.

"Sasa nifanyeje?" nikamuuliza.

"Fanya unavyoona," akasema kutoka nyuma ya friji. Kisha, baada ya muda: "Ile nakala umeiweka wapi?"

"Kwenye droo ya nyuzi."

"Sawa."

Jumatano nikamfuata mdogo wangu kazini. Yeye hufanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Kuna mashine mbili kubwa zinazonguruma, joto la kuivisha mtu, na mashuka yasiyokwisha. Aliponiona hakuuliza nimefuata nini. Alinipa ncha mbili za shuka.

"Shika hapo, dada. Mwenzangu anaumwa leo."

Kukunja shuka watu wawili ni lazima mkae mbali kwanza, mlivute linyooke, kisha mfuatane mpaka mikono ikutane. Anayepokea anachukua ncha za mwenzake, na mwenzake anarudi nyuma kuanza lingine. Ndivyo tulivyozungumza.

"Karatasi ya kubadilishana hukuipeleka," nikasema.

"Bado."

"Miezi minne?"

"Kazi nyingi. Vuta kidogo, linaburuza chini."

Nikavuta. Tukakutana. Akachukua ncha. Nikarudi.

"Sonara alikuja kwako."

"Alikuja. Jumapili, wewe ulikuwa umekwenda kupeleka sare. Nikamwekea kigoda. Akaniambia, dada yako ana jiwe lako. Nikamwambia, dada yangu akiwa na jiwe langu ataniletea."

Mashine moja ilimaliza kuzunguka, ikatikisika, ikanyamaza. Nilitamani ingeendelea.

"Basi ulipokuja kikaoni ulikuwa unajua."

"Nilikuja kwa furaha, dada. Baba mdogo aliposema umeomba kikao, nikajua ni hilo. Nikavaa hata kitambaa kipya. Nikasema, leo dada anasimama kueleza habari ya jiwe." Alilivuta shuka likatoa mlio. "Ukasimama. Ukaeleza habari ya paa."

"Ulilia," nikasema. Sijui kwa nini nilisema hilo.

"Nililia."

Tukakunja mashuka matatu mengine. La nne nikashindwa kuvumilia, na kama ilivyo kawaida yangu nikatafuta mlango wa kutokea.

"Lakini mdogo wangu, nimekwenda ofisini. Sheria inasema dhahabu si yangu wala si yako. Ni ya serikali. Kwa hiyo hata ningekuambia..."

"Sijakuuliza dhahabu ni ya nani, dada."

Alisema bila kupandisha sauti. Angepandisha ningejibu.

"Mbona hukuniambia unajua?" nikauliza.

"Nilikuwa nangoja useme. Ulipokuja kuazima chumvi, nikasema leo. Mvua ilipokulowesha usiku kucha, asubuhi ukaja na macho mekundu, nikasema leo hapiti. Nikakufagilia chumba chako mbele, nikasema akisema tu, namrudishia kilivyokuwa." Akaweka shuka juu ya rundo, akalipapasa likae sawa. "Jumamosi kuna kikao. Nimemwambia baba mdogo dada ana jambo la kusema. Ukitaka kusema habari ya paa tena, sema."

Akanipa ncha za shuka lingine. Nilibaki mpaka zamu yake ikaisha. Ilikuwa kazi ya kwanza niliyomsaidia bila hesabu kichwani, na hata hiyo sina hakika.

Jumamosi tulikutana sebuleni kwa baba mdogo, mstaafu wa posta, ambaye bado huwaita watu kwa zamu kana kwamba wako kwenye dirisha. Baba mdogo kwenye kiti chake, shangazi kwenye kochi, upande wa sikio la baba mdogo linalosikia vizuri, mdogo wangu kwenye kiti cha plastiki na mkoba mapajani. Mume wangu alikaa karibu na mlango.

"Anayefuata," baba mdogo akasema, ingawa hakuna aliyetangulia. "Haya, mwanangu. Tunakusikiliza."

Usiku wa kuamkia siku ile nilikuwa nimetunga maelezo matatu. La kwanza, Futi Kumi alinidanganya. La pili, nilitaka kumshangaza mdogo wangu. La tatu ndilo lililokuwa zuri zaidi, lilikuwa na ugonjwa ndani yake. Nikasimama, nikamwona mdogo wangu. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameinamisha kichwa upande, kama anavyofanya mtu anayesikiliza kama maji yamechemka.

Nikasema yote. Jiwe, sonara, sare sita, nakala, jiwe mkobani mbele ya afisa. Ilichukua muda mfupi kuliko nilivyodhani. Dhambi ya miezi minne inaelezeka kabla chai haijapoa.

Kisha baba mdogo akauliza lililomkera zaidi.

"Yaani ardhi ya kaka yangu si yetu?"

"Juu ni yetu, baba."

"Na chini?"

"Ya serikali."

"Serikali ilikuwa wapi wakati kaka anang'oa visiki?"

Hakuna aliyejua serikali ilikuwa wapi.

Shangazi alikuwa ananitazama. "Mimi nilikusifu mbele za watu," akasema. "Nilikusifu mpaka kwa majirani, nikakusifu kwa wakwe zangu. Rudisha."

"Nirudishe nini, shangazi?"

"Sifa zangu."

"Nisamehe, shangazi."

"Sijasema kusamehe. Nimesema rudisha."

Mdogo wangu akafungua mkoba. Akatoa karatasi ya kubadilishana, yenyewe, yenye saini zetu wote, akaiweka mezani akaikunjua kwa kiganja.

"Baba mdogo, naomba kusema."

"Sema, mwanangu."

"Karatasi hii sikuipeleka. Kwa hiyo mpaka leo nyuma ni kwangu, mbele ni kwa dada. Nikiipeleka Jumatatu, dada anakuwa mwenye ardhi ya nyuma. Ridhaa inakuwa yake, fidia yake. Mimi nabaki na nyumba ya mbele, sina shida. Nikiichana, kila mtu anarudi kwake, na sonara atazungumza na mimi." Akanigeukia. "Mimi siamui. Mwenye jambo ni wewe. Niipeleke au niichane? Sema, dada."

Nawaapia wasomaji, nilipiga hesabu. Nisiposema hilo kuungama kwangu kote ni kazi bure. Nilikaa kama sekunde tatu nikilinganisha fidia na madirisha ya vioo. Nyuma mtu anapata fidia na matundu matano. Mbele anapata wateja. Halafu nikaona kidole cha mdogo wangu juu ya karatasi. Kilikuwa kimechubuka, kwa sabuni ya hospitali. Na nikakumbuka kwamba alikuwa akifagia chumba changu kwa mkono huo, kila siku, anangoja.

"Ichane," nikasema.

"Una hakika?"

"Ichane, mdogo wangu. Nyuma ni kwako. Kilichotoka ni kwako, na kama ni cha serikali basi serikali izungumze na wewe."

Baba mdogo akashusha pumzi. Hata shangazi akaegemea kochi. Mdogo wangu aliishika karatasi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi ule wa jiwe nikamwona anataka kutabasamu.

"Shemeji, ngoja kwanza," ikasema sauti karibu na mlango.

Sote tukageuka. Mume wangu alikuwa amesimama. Katika vikao vyote vya ukoo wetu, hakuna aliyewahi kumwona amesimama isipokuwa wakati wa kuondoka.

"Kabla hujachana," akasema, "kuna karatasi nyingine."

"Karatasi gani?" baba mdogo akauliza.

"Ya ridhaa. Ya yule sonara." Akaitoa mfukoni, imekunjwa mara nne, akamsogezea baba mdogo. "Imesainiwa tangu Jumatano, ikiwa na nakala ya kubadilishana nyuma yake. Sonara ameipokea hivyo hivyo, na mashine ya kuchimba inakuja Jumatatu."

"Kasaini nani?"

Mume wangu hakumtazama baba mdogo. Alinitazama mimi, kwa upole, kama mtu anayemsaidia mgonjwa kukumbuka.

"Mke wangu," akasema.

Baba mdogo akavaa miwani, akasoma, akanipitishia karatasi. Nikaitazama saini. Herufi ya kwanza inavyoinama, mkia wa mwisho unavyopanda. Ilikuwa yangu kabisa, hata mimi nisingeipinga, ila kwamba sikuiandika.

"Si mimi," nikasema. "Wallahi, si mimi."

Nilisikia jinsi maneno yale yalivyotoka. Yalikuwa ya kweli, na yalisikika sawasawa na yale ya habari ya paa.

Mdogo wangu hakuichana karatasi. Aliikunja, akairudisha mkobani, akafunga zipu. Akaniuliza taratibu tu:

"Na hili nalo, dada, ungelisema lini?"